Mtani Ndani ya Kanzidata

Wadogo zangu wa ofisini, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie vitu viwili vitatu kuhusu kazi kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Nina mwezi wa pili sasa nyumbani Mbweni, nafuga kuku, na kila asubuhi nikifungua banda najikuta nawahakiki mmoja mmoja kama rekodi. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawasimulia zaidi habari ya kazi moja, ile ya kuifanya programu moja iongee na kanzidata za kila namna. Hakuna kazi iliyonipa raha kama hiyo, na hakuna iliyonipa aibu kama hiyo, na raha na aibu zote zilinipata siku moja.

Niliingia ofisi yetu ya Chang'ombe kama mpiga chapa. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya vituo vya afya. Mtengenezaji alikuwa mmoja tu, Mzee Temba, Mchaga wa Machame, mwembamba, peni tatu mfukoni mwa shati na zote hazina wino. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimesomea wapi.

"Wewe wa wapi?"

"Same, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mpare." Akageukia kompyuta yake. "Tumekwisha. Hii mashine ikikwama nyie hamtaitengeneza, mtaipeleka mahakamani."

Mpare na Mchaga ni watani tangu enzi za mababu, Mpare akitaniwa kwa kupenda kesi na Mchaga kwa kupenda pesa, na mtani hajibiwi kwa hasira, anajibiwa kwa tusi tamu zaidi. Nikamwambia afadhali mahakamani, maana Mchaga angeiuza kabla haijapoa. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akanivutia kiti karibu na chake. Barua ya ajira nilishapewa wiki moja kabla, lakini mimi nahesabu kwamba niliajiriwa pale.

Programu yake aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuandikisha wachangiaji damu. Ukiifungua unaona dirisha moja la kawaida: jina, kundi la damu, simu, mahali anapoishi, na tarehe ya mwisho kutoa damu. Mfanyakazi wa kituo anaandika, anabofya, basi. Najua hata wale wa mapokezi watasoma haya, kwa hiyo nieleze kidogo. Dirisha ni dirisha tu, halitunzi kitu. Nyuma yake kuna ghala linaloitwa kanzidata, na katikati kuna kiunganishi, ambacho ni mkalimani. Programu inauliza, mkalimani anatafsiri, ghala linajibu. Maghala yako ya aina nyingi na kila moja lina lugha yake na ukaidi wake. Miaka yangu yote nimeishi katikati ya hao wakalimani, na sijawahi kuchoka nao hata siku moja.

Mzee Temba alinitoa kwenye kupiga chapa akanitia kwenye kuandika programu kwa sababu nilikuwa naulizauliza. Kazi yangu ya kwanza ikaniumbua. Niliandika sehemu ya kutafuta wachangiaji kwa mtaa, nikaijaribu kwa Tandika, ikajibu. Kwa Keko, ikajibu. Nikaandika Chang'ombe, programu nzima ikafa. Nikaiwasha tena, ikafa tena. Saa mbili nzima nilitafuta kosa, kumbe ni kile kialama cha juu mwishoni mwa ng'. Kwa kanzidata ile, kialama hicho kilimaanisha maneno yameisha, kwa hiyo ilisoma "Chang" ikaona yanayofuata ni upuuzi. Mzee Temba akasimama dirishani akanionyesha barabara. "Umetengeneza programu inayokataa mtaa tuliokaa," alisema. Tangu siku hiyo sikuchomeka tena maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri. Nayapeleka kwenye bahasha yake, na amri kwenye bahasha yake. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, hata mkiwa na haraka.

Kutokana na aibu hiyo tukaanzisha desturi yetu. Kila tulipounganisha programu na kanzidata mpya, mtu wa kwanza kuandikishwa alikuwa mtani. Yeye aliniandika mimi, mimi nilimwandika yeye, na tulishindana kumwandika mwenzetu kwa namna itakayoisumbua mashine: jina refu kupita kiasi, mtaa wenye ng', tarehe ya ajabu. Mtani akiingia na kutoka bila kukatwa mguu, tunajua muunganisho ni mzima. Nimewahi kuwa "Naelijwa Mshtaki wa Kuku wa Jirani, Ng'ambo ya Mto". Kanuni ilikuwa moja: kabla hujaondoka, futa mtani. Mzee Temba aliirudia kanuni hiyo kila safari, akiwa ameshika mlango.

Basi Mzee Temba akastaafu, akahamia Mabibo, na mimi nikabaki na kiti chake na peni zake tatu. Hakujapita mwaka, akaja ofisini mkunga wa Kimbiji, Sista Somoe, mtu wa Kilwa, vumbi la barabara hadi magotini. Hakutaka chai.

"Dada Nae, mwezi uliopita mama mmoja alinifia," alisema. "Damu yake O hasi. Tumefika hospitali ndio wanaanza kutafuta nani anayo. Mtu wa O hasi hapokei damu nyingine, na wenyewe unaweza kuzunguka mtaa mzima usipate hata mmoja."

"Pole sana, sista."

"Pole haisaidii. Nina mwingine. Anaitwa Mwanahawa, O hasi vilevile, mimba yake ina miezi mitano, na uzazi wake wa kwanza alivuja damu mpaka tukamfunika shuka tukidhani amekufa. Sitaki kompyuta mpya mie. Nataka nikibonyeza Kimbiji nione watu wa Temeke na Kinondoni, niwapigie kabla gari halijaondoka, mtu afike hospitali kabla ya mgonjwa. Inawezekana haiwezekani?"

Nilisema inawezekana. Wadogo zangu, sikuwa nimefikiri. Nilisema kwa sababu moyo wangu uliruka kwa furaha ya kazi, na kwa sababu Sista Somoe alikuwa ananitazama usoni. Alipotoka ndipo nilipohesabu: nina miezi minne, na kanzidata tatu ambazo hazijawahi kusalimiana.

Ya Temeke ilikuwa faili moja la zamani ndani ya kompyuta moja, la Mzee Temba mwenyewe. Watu wawili wakilifungua pamoja, mmoja anasubiri kama anasubiri bafu. Ya Kinondoni ilikuwa kubwa, imekaa kwenye seva ndani ya chumba cha baridi, na ilitaka ujitambulishe: unatafuta mashine gani, kanzidata gani, wewe nani, nywila yako nini. Ukikosea herufi moja inakunyamazia, haisemi hata umekosea wapi. Ya Kimbiji ilikuwa ndogo, ya bure, kwenye kompyuta mpakato iliyokula umeme wa jua. Wakubwa walishauri tuandike programu tatu. Nilikataa. Nilitaka programu moja, dirisha moja, na nyuma yake wakalimani watatu, kila mmoja ajue bwana wake.

Miezi ile niliifurahia kama mtoto. Niliamka nikiwa na jibu kichwani, nikafika ofisini na nywele nusu zimesukwa. Tarehe ndizo zilizonisumbua zaidi. Temeke ilitanguliza siku, Kinondoni ilitanguliza mwaka, na Kimbiji ilihifadhi tarehe kama maneno tu, haijui kwamba ni tarehe. Mtu aliyetoa damu tarehe tatu mwezi wa tano akaonekana ametoa tarehe tano mwezi wa tatu. Kuanzia tarehe kumi na tatu mashine inagoma, nawe unajua kuna kosa; chini ya hapo inakubali na kudanganya kwa adabu. Nilimfundisha kila mkalimani anipe mwaka, mwezi na siku vikiwa vimetengana, kisha nikavipanga mwenyewe.

Asubuhi ambayo majina ya sehemu tatu yalitokea kwa mara ya kwanza kwenye dirisha moja, mtu wa Tandika, wa Kimbiji na wa Mwananyamala wamepangwa kwa alfabeti kama wanafunzi wa darasa moja, nilipiga kigelegele. Muuza vipuri wa chini alipanda ngazi kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia kanzidata. Akaniangalia, akashuka.

Nilipokwenda Kimbiji kuiweka programu, nilimkuta Mwanahawa kliniki, amekaa kwenye benchi na tumbo lake, anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, mcheshi, na sauti kubwa. Alinyanyuka akaja kuchungulia skrini.

"Shikamoo. Hii ndiyo kompyuta yangu?" aliuliza. "Sista kanambia inatengenezwa kwa ajili yangu."

"Marahaba. Ndiyo yako."

"Basi isizimike siku hiyo," alisema, akarudi kwenye embe lake.

Kinondoni ndiyo niliyoiunganisha mwisho, na hapo ndipo nilipokosea. Niliandika mtani wangu kama kawaida. Mzee Temba hakuwepo kunijibu, nami nilikuwa nimemkumbuka, kwa hiyo nilimwandika kwa mapenzi yote. Jina: Temba Mkono wa Birika. Mahali: Mabibo. Simu: yake halisi, ili kupima nafasi ya simu. Kundi la damu: O hasi, kwa kuwa ni adimu na ningemwona haraka kwenye majaribio. Tarehe ya mwisho kutoa: siku aliyozaliwa, maana tangu hapo Mchaga yule hajawahi kutoa kitu. Nilicheka peke yangu mbele ya seva. Mtani akaingia, akatoka, mzima. Kisha watu wa pale wakaniita tukale, walikuwa wamepika pilau kusherehekea, na baada ya pilau nikaaga nikaondoka. Sikumfuta, na wala sikukumbuka kwamba sikumfuta.

Miezi miwili ikapita. Programu ilifanya kazi, vituo vikasifu, nami nikasifika nao. Asubuhi moja, saa tatu haijafika, simu yangu ikalia.

"Mpare."

"Shikamoo, mzee. Umenikumbuka leo?"

"Shikamoo yako iweke kwanza. Kuna sista kanipigia, yuko kwenye gari, ananiita ndugu Mkono wa Birika na anataka damu. Umeniandika wapi wewe?"

Nilivuta kiti mbele ya kompyuta.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba mie ni B chanya na umri wangu wa kutoa damu ushapita. Akakata. Nimesikia mwanamke analia humo garini."

Nilijua ni Mwanahawa. Nilijua pia kwamba Sista Somoe amepoteza dakika na mzaha wangu, kwenye barabara ile, na mtandao ule wa kukatika. Nikaanza kusema nimefanya kosa kubwa, mzee akanikatiza.

"Kesi utaifungua baadaye. Sikia. Huyo sista kasema Kinondoni nzima kwenye orodha niko mie peke yangu. Kweli?"

Nikafungua programu kwangu, nikatafuta O hasi walio tayari kutoa. Majina matano. Mmoja wa Kimbiji, watatu wa Temeke, na Mkono wa Birika. Nikamwambia ni kweli.

"Haiwezekani. Tangu lini Mchaga akabaki peke yake kwenye foleni ya kutoa? Hapa Mabibo, hosteli za wanachuo, watu wa Kinondoni walikuja na hema la kuchangia damu, nilipita mwenyewe nikaona. Mifuko ya kuwekea damu ikaisha, watoto kibao wakarudishwa. Wamepimwa kundi kwa tone la kidoleni, wameandikwa majina, wakaambiwa watapigiwa. Wako wapi hao?"

"Hao hawajawahi kutoa," nilisema, na nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikaelewa.

Nawaelezeni taratibu, kwa kuwa kosa hili mtakutana nalo. Programu yangu iliuliza kanzidata hivi: nipe wote ambao tarehe yao ya mwisho kutoa imepita miezi minne. Kwa mtu ambaye hajawahi kutoa, nafasi ya tarehe ni tupu. Faili la Temeke lilikuwa na tabia ya kujaza tarehe ya enzi za babu palipo patupu, nayo ya Kimbiji nilikuwa naijaza mimi kwa mkono, kwa hiyo huko kila mtu alionekana na majaribio yangu yote yalipita. Kinondoni iliacha patupu pakiwa patupu. Na ukiiuliza kama patupu pamepita miezi minne, haijibu ndiyo wala hapana. Inamruka mtu huyo, kimya kimya. Waliowahi kutoa kule walikuwa wametoa majuzi tu, hawakustahili bado. Waliobaki ni wale ambao hawajatoa kabisa, watu wenye damu yao yote mwilini, na hao ndio niliowafungia nje. Mtani alionekana kwa kuwa nilimpa tarehe ya kuzaliwa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi huu mwiba nilikuwa nimeuona kitabuni miaka mingi nikadhani ni wa wanafunzi.

Nikaongeza maneno machache kwenye amri: au tarehe iwe tupu. Kwa haraka nikakosea mara mbili. Sikuhitaji kuipeleka Kimbiji, niliiendesha hapo hapo mezani kwangu. Kinondoni ikatoa majina mengine matatu, na moja lilikuwa la hosteli za Mabibo. Judith. Wawili wa kwanza nikawapigia, simu zao hazipatikani. Judith alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

Sikumaliza hata kujieleza. Aliuliza, "Mnaniita mie? Kuhusu damu?" nikasema ndiyo, kuna mama anaihitaji sasa hivi, akasema anavaa viatu. Nikamrudia Mzee Temba kwenye simu, nikampa jina. Alikuwa ameshasimama kwenye geti la hosteli na bajaji inaunguruma. Mzee wa watu, magoti mabovu, hakungoja kuagizwa.

Mimi nikampigia Sista Somoe. Mara tatu ilikata. Ya nne nikampata, nikamwambia O hasi yuko njiani kutoka Mabibo, na kwamba na mimi nakwenda hospitali. Akasema yeye amempata dereva mmoja wa lori wa Temeke, mmoja wa wale watatu, naye anageuza gari. "Chupa mbili zitatosha?" nilimuuliza. "Zikifika," alisema.

Kutoka Chang'ombe mpaka hospitali ya Temeke si mbali, nilifika wa kwanza. Wakafuata Mzee Temba na Judith, binti mrefu, mwembamba, amefunga kitenge juu ya suruali, ametangulia yeye na mzee anamfuata kwa kuchechemea. Akaingia maabara. Dereva wa lori akaja na koti lake la kazi, akaingia naye. Gari la Kimbiji liliposimama mlangoni, mfuko wa kwanza ulikuwa umeshapimwa na uko tayari. Nilimwona Mwanahawa akipita kwenye machela, midomo imekuwa ya kijivu, ile sauti kubwa haipo. Sista Somoe alikuwa anakimbia pembeni yake, ameshika mkono wake.

Sista alipotoka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji nikamfuata. Nilitaka kusema kabla sijaogopa.

"Sista, yule Mkono wa Birika nilimweka mimi. Ni utani. Nilisahau kumfuta."

Alinitazama. Gauni lake lilikuwa na damu mpaka tumboni.

"Nimepiga ile namba mara nne ndio ikaingia," alisema. "Mtandao unakata, napiga tena. Wengine sijawafikia kwa ajili yake. Usinieleze utani saa hizi, dada. Kamfute."

Nikamfuta. Kwenye chumba cha usajili wa wachangiaji kulikuwa na kompyuta yenye programu yetu, nikaomba ruhusa, nikamfuta Mkono wa Birika wakati mwenyewe amesimama nyuma yangu. Kisha akanishika bega. "Ulivyoniandika ulikosea kitu kimoja," alisema taratibu. "Siku niliyozaliwa sikutoa kitu. Siku ile mama yangu ndiye aliyetoa, mie nilipokea tu." Nikacheka na kulia kwa pamoja, na sikuona haya.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Muda huo sina la kuwafundisha, ulikuwa wa kukaa tu. Mzee Temba alitoka akanunua maji, akarudi nayo, akasahau kuyafungua. Mlango ulipofunguliwa Sista Somoe alisimama pale, akavua kofia ya kitambaa, akajifuta uso.

"Wazima," alisema. "Mama na mtoto. Wa kike. Mwanahawa ameamka, anauliza kama kompyuta yake haikuzima."

Nikaruka. Mwanamke mwenye umri wangu, kwenye korido ya hospitali, nikaruka na kupiga kigelegele mpaka muuguzi akatoka kunikemea, na nilipomwambia sababu naye akapiga chake, kidogo, mkono mdomoni.

Niliporudi chumba cha usajili nilimkuta Judith bado yupo. Alikunywa soda aliyopewa, plasta kwenye mkono, lakini hakuwa anaondoka. Mtu wa maabara alikuwa amemletea majibu ya damu yake, na ile karatasi alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka imelainika.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye uliyenipigia?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo mimi. Asante sana."

"Naomba nikuulize." Alisubiri mtu wa maabara atoke. "Siku ile hosteli walisema tutakupigia wiki hii hii. Wenzangu waliowahi kutoa huko nyuma wakapigiwa wakaenda. Mie kimya. Miezi miwili sizimi simu, naenda nayo mpaka bafuni. Nikajua wameona kitu kwenye damu yangu, wanaogopa kuniambia. Nikaacha hata kwenda kupima, maana nilishajua. Nyumbani nimewaandikia barua, sijaituma tu." Akainua ile karatasi. "Sasa huyu anasema damu yangu ni safi, haina kitu. Kwa hiyo ilikuwa nini?"

Wadogo zangu, ningeweza kusema mtandao. Sote tumewahi kusema mtandao. Nilimvutia kiti, nikageuza skrini, nikamtafutia mstari wake. Jina lake, O hasi, simu yake, Mabibo, na mwisho kabisa nafasi tupu.

"Ilikuwa hapa," nilimwambia. "Ulikuwa hujawahi kutoa, kwa hiyo hapa pakabaki patupu, na mimi niliifundisha programu vibaya. Ilimruka kila mtu mwenye patupu. Damu yako haikuwa na tatizo hata kidogo. Mwenye kosa ni mimi. Nisamehe, mwanangu."

Aliiwekea kidole ile nafasi kwenye skrini. Nilifikiri atanifokea, na nilikuwa tayari kufokewa. Badala yake akacheka kidogo, machozi yakamwagika, akayafuta kwa ukingo wa kitenge.

"Kumbe hapa tu," alisema. "Basi jaza."

Nikaandika tarehe ya siku ile. Nilipopeleka kidole kuhifadhi akanizuia mkono, akasogeza kiti chake mbele, akabonyeza mwenyewe.